Ungo Uko Palepale Ukutani

Hezron Mwaselela alijaliwa koo moja kama watu wengine, lakini ndani ya koo hilo kilikaa kijiji kizima. Alikuwemo mzee mwenye pumu, mwanajeshi, mchungaji, bibi harusi, mlevi wa kilabuni na mtoto mwenye mafua. Alipokuwa shule ya msingi alimwigiza mwalimu mkuu akiwa nje ya dirisha, na darasa zima likasimama kuamkia. Fimbo za siku ile alizipokea kama makofi ya pongezi. Mtu wa namna hiyo ukimpa maiki, umemharibu.

Maiki aliipata ukubwani, na kazi yake ikawa kutafsiri muvi. Neno kutafsiri lisikudanganye. Kiingereza cha Hezron kiliishia kidato cha pili, na Kichina hakuwahi hata kukisalimia. Alichofanya ni kuwatazama watu kwenye kioo, akapima hasira zao kwa macho, kisha akawatungia maneno. Jambazi wa Hong Kong akikimbia polisi, Hezron alimkimbiza mpaka Kiwira na kumficha kwenye migomba ya shangazi yake. Tajiri wa Marekani akimfukuza mkwewe, alimwambia arudi kwao Isongole akalime viazi. Watu walipenda hivyo. Nimewasikia watu waliosoma, wanaojua Kiingereza chao vizuri kabisa, wakisema muvi bila Hezron ni mboga bila chumvi.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Tukuyu, kati ya fundi cherehani na Rajabu muuza makava ya simu. Watu walileta flashi, naye akawajazia. Kurekodi alirekodia nyumbani, kwenye stoo ya mahindi iliyopakana na jiko. Mji wetu ni wa mvua na mapaa yetu ni ya bati. Ikinyesha, hata anayejisemesha mwenyewe hajisikii. Kwa hiyo alitundika mablanketi ukutani, akasimamisha godoro kuukuu mlangoni, na mvua ilipozidi alizima mashine, akakaa gizani juu ya gunia akisubiri ikatike. Mkewe Tusekile na binti yao wa pekee, Doreen, walizoea. Kukiwa kimya ndani ya stoo walijua baba hayupo.

Sizoni ya katuni ililetwa na Rajabu. Babu yake Rajabu alipanda huku akitokea Kilwa kuuza vitambaa, akaonja ndizi za Rungwe, asirudi tena. Mjukuu ndiye aliyekuwa akishuka Dar es Salaam kununua bidhaa, na kila safari alimletea jirani yake diski ya kompyuta iliyojaa vitu vipya.

"Hii ni katuni," alisema, "lakini si ya watoto, Hezi. Ukiwawekea watoto, wewe utaitwa na mchungaji wako na mimi nitaitwa na imamu wangu."

"Katuni ya watu wazima? Watu wazima wanatazama katuni?"

"Itazame kwanza. Ukimaliza bila kucheka, kava la simu nakupa bure."

Kava hakulipata. Ilikuwa habari ya watoto wenye vichwa vikubwa na miguu kama njiti, wanaobalehe wote katika shule moja. Mmoja sauti inamkatika katikati ya wimbo wa taifa. Mwingine ameota unywele mmoja wa kidevu na anautembeza darasa kwa darasa kama mgeni rasmi. Wazazi wao hawana msaada wowote, na mwalimu wao naye utoto haujamtoka. Hezron alicheka hadi akapaliwa. Kisha, jambo ambalo hakulitarajia, alisikia huruma. Alikumbuka sauti yake mwenyewe ilivyovunjika akiwa kwaya, na jinsi baba yake alivyomtazama mara moja tu, akatazama pembeni.

Wavulana wa katuni hawakumpa shida. Aliwabatiza Ambindwile na Prosper, akawapa Kiswahili cha stendi kilichochanganyika na Kinyakyusa cha nyumbani, wakawa watoto wa hapahapa. Aliyemshinda ni msichana. Alimpa jina Sekela, akamtafutia sauti nyembamba, lakini kila alipofungua mdomo Sekela alitoka kama mwanamume aliyevaa gauni. Hezron hakujua wasichana wanaokua huongea nini. Angejulia wapi? Kwetu Unyakyusa baba ana mipaka yake. Binti akianza kukua, habari zake zina wenyewe: mama yake, mama mkubwa, shangazi. Baba akiona mtoto amepewa khanga mpya, anajua, na akishajua anatazama pembeni kama alivyotazama baba yake Hezron. Ni adabu nzuri, nami siidharau, ila inamwacha mwanamume mjinga wa nyumba yake mwenyewe.

Jumamosi moja mvua ilimkuta stoo. Akazima mashine, akakaa. Mvua ilipokatika, kabla hajawasha tena, alisikia upande wa pili wa mbao Doreen na mama yake wakimenya ndizi za mbalaga. Doreen alikuwa darasa la sita, mrefu kuliko umri wake, mtoto wa kuulizauliza. Alisema jambo kwa sauti ya chini sana. Kisu cha mama yake kikatua kwenye sahani.

"Usiogope, mwanangu," Tusekile alisema. "Si ugonjwa. Umevunja ungo."

Kisha mtoto akavuta pumzi ndefu, kama alivyofanya kila alipotaka kuapa.

"Mimi? Sijavunja mimi! Mama, naapa, leo sijaugusa kabisa! Ungo uko palepale ukutani!"

Tusekile alicheka kicheko ambacho Hezron hakuwahi kukisikia katika ndoa yao yote, kicheko cha machozi. Doreen naye, bila kujua anacheka nini, akacheka. Kisha mama akaanza kumweleza, polepole, kwa Kinyakyusa, yale ambayo mama huwaeleza binti zao. Mtoto aliuliza kama inauma. Aliuliza kama baba lazima aambiwe.

"Baba yako hatajua," Tusekile alisema. "Hili ni letu. Atajua mama mkubwa wako wa Suma tu, kwa sababu ndivyo ilivyo."

Mwanamume mwenye adabu angekohoa tangu neno la kwanza. Hezron hakukohoa. Aliziba mdomo kwa kiganja, macho yakimlengalenga kwa kicheko na kwa mapenzi, maana kusema kweli hakuwahi kumpenda mtoto wake kuliko dakika ile. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote. Hakuiba kwa chuki. Aliiba akiwa amejaa upendo.

Walipotoka kwenda kuteka maji, aliwasha mashine. Kwenye kioo Sekela na mama yake walikuwa wamekaa kitandani wakiongea. Mungu ndiye anajua walikuwa wakisema nini kwa Kiingereza chao. Hezron alifunga macho, akavuta pumzi ndefu kama ya kuapa, na sauti ya msichana iliyomkimbia wiki nzima ikaja yenyewe: "Mimi? Sijavunja mimi!"

Haikupita wiki mbili, mji ulikuwa umelewa. Konda stendi akiulizwa kama nafasi ipo, alijibu, "Ungo uko palepale ukutani!" Bodaboda akigonga pipa la mama muuza maparachichi, kabla hajashuka alishaapa kwamba hajavunja. Karani akiulizwa faili liko wapi, ungo. Mchezaji akicheza rafu, ungo. Hata mke wa mchungaji alisikika akisema, na aliposhtuka akadai alikuwa anauliza ungo wa kupepetea mchele wa semina. Watu waliokuwa hawataki hata kusikia neno katuni walikuja na flashi wakiomba "ile ya ungo". Hezron akitembea barabarani alipigiwa honi. Rajabu alimkumbatia mbele ya watu, akasema, "Hezi, wewe si mtafsiri tena. Wewe ni mtunzi."

Tusekile hakutazama muvi, lakini masikio alikuwa nayo, na sokoni alikwenda. Jioni moja, akimwekea mumewe maji ya kunawa, aliuliza bila kumtazama, "Baba Doreen, yale maneno ya ungo umeyatoa wapi?"

Hapo palikuwa na mlango wazi. Angeweza kusema. Lakini mwanamume anayesikiliza maneno ya wanawake jikoni, kwetu hana jina zuri, nalo jina hilo lilimtisha Hezron kuliko dhambi yenyewe.

"Mtaani," alijibu. "Watu wanasema hivyo siku nyingi."

Tusekile alimalizia kummwagia maji mikononi. Kisha akasema tu, "Kumbe," akaingia ndani.

Siku chache baadaye Doreen alikuja kibandani akitoka shule, sweta limefungwa kiunoni. Wateja walikuwapo, mmoja wao akiigiza palepale, "Naapa, leo sijaugusa!" Doreen alisubiri mpaka wakaondoka. Wenzake shuleni walikuwa wakilisema lile neno siku nzima bila kujua ni la nani, naye alicheka nao, kwa sababu asingecheka wangejua. Lakini alikuwa ameisikia kwenye muvi ile pumzi kabla ya kiapo. Mtu huijua pumzi yake.

"Baba, nani alikuambia?"

"Aliniambia nini?"

"Unajua."

Hezron aliinamia kibodi kana kwamba kuna kitu kimeharibika. Ukimwuliza leo atakwambia hakupanga kusema alichosema. Kilitoka chenyewe kama sauti zake zote zilivyokuwa zikitoka. "Mama yako," alisema. Na kama vile haikutosha, akaongezea: "Alikuwa anacheka tu. Hakuwa na nia mbaya."

Mtoto hakulia. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, akafungua sweta kiunoni, akalivaa, akaenda nyumbani.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Wahenga hawakumjua Hezron. Njia yake ilikuwa ndefu na yenye vivuli, akaitembea miaka mingi bila mtu kumsimamisha. Doreen aliendelea kumpenda baba yake. Alimletea chai kibandani, alimcheka, alimwonyesha ripoti zake. Mama yake ndiye aliyefungiwa mlango. Hakumkosea adabu hata siku moja. Ingekuwa ugomvi ungekwisha. Alimwamkia, aliosha vyombo, alisema ndiyo mama, hapana mama. Ila hakumwuliza tena kitu. Yale maswali yaliyokuwa yakimwagika jikoni yalikauka kama kisima. Mambo ya mwili wake aliyajulia kwa wenzake shuleni, nusu ya kweli na nusu ya uongo. Alipougua tumbo akiwa kidato cha pili, alikaa nalo bwenini mpaka matroni akamkuta sakafuni, na daktari alipouliza kwa nini hakumwambia mama yake, alitazama ukuta. Alipopata mchumba, Emmanuel, kijana wa Isongole mwenye mashamba ya viazi, Tusekile alizipata habari sokoni kutoka kwa mwanamke aliyedhani anazijua tayari.

Hezron aliyaona yote hayo. Msidhani hakuyaona. Kila mara alijiambia atasema Doreen akimaliza darasa la saba, kisha akimaliza kidato cha nne, kisha akiolewa. Atakua, atasahau, alijiambia. Rajabu alipoleta sizoni iliyofuata, watoto walewale wenye vichwa vikubwa, Hezron alirudisha diski bila kuichomeka. "Nimeacha katuni," alisema. Rajabu alidhani ameokoka. Muda si mrefu, kazi yenyewe ikafa. Watu walinunua bando, kila mmoja akatazama muvi zake kwenye simu kwa lugha yoyote aliyotaka. Siku hizi sauti ya Hezron inasikika kwenye spika za gari linalozunguka likinadi dawa ya panya, na watoto wanaoikimbilia hawajui kwamba zamani mji mzima uliwahi kuapa kwa maneno yake.

Jambo jingine pia aliliona, hakulielewa. Anyelwisye, dada mkubwa wa Tusekile, aliacha kuja. Alikuwa mwanamke wa Suma, mpole, hakujaliwa mtoto, na Doreen alikuwa mboni ya jicho lake. Kila baada ya wiki alikuja na mkungu wa ndizi au kuku. Mara akawa haji. Hata kwenye harusi ya Doreen, siku ambayo mama mkubwa hukaa ubavuni kwa bibi harusi, aliwekwa nyuma kabisa karibu na wapishi. Hezron aliuliza mara moja, akajibiwa ni mambo ya wanawake. Mambo ya wanawake! Safari hiyo alikuwa mwepesi kuheshimu mipaka.

Mwaka huu Doreen amepata mimba ya kwanza. Kwa desturi, kwa mimba ya kwanza, binti hurudi kwa mama yake, akajifungulie mikononi mwake. Tusekile alisafisha chumba, akafua khanga laini, akasaga unga wa ulezi kwa ajili ya uji wa mzazi. Kisha ujumbe ukaja kwenye simu, mfupi na wenye heshima kama jumbe zote za Doreen: atabaki Isongole, mama mkwe atamsaidia, wasipate usumbufu.

Tusekile alimpa Hezron simu asome. Akaendelea kukunja khanga, akazikunjua, akazikunja upya.

"Baba Doreen," alisema, "hivi huyu mtoto nilimkosea nini?"

Hezron alirudisha tonge kwenye sahani, akanawa.

Kesho yake asubuhi alikwenda Isongole. Aliteremka kwenye basi barabara kuu, akapanda bodaboda katikati ya ukungu hadi kwa Emmanuel. Emmanuel alikuwa shambani. Doreen alikuwa barazani amejifunga sweta la mume wake, akichambua mbegu za viazi, tumbo likimzuia kuinama. Alifurahi kumwona baba yake, na furaha hiyo ilimchoma Hezron. Hakukubali chai. Alisema akiwa amesimama, kwa sababu alijua akikaa atabadilisha mazungumzo.

"Mama yako hakuniambia. Habari ya ungo. Nilikuwa stoo, nikasikia mwenyewe. Nilikudanganya."

Doreen alishika kiazi kimoja muda mrefu, akakipangusa udongo kwa kidole gumba hadi kikang'aa.

"Nilimwuliza kama aliitoa siri yetu, bila kukutaja wewe," alisema. "Mara mbili. Aliniapia. Nikasema moyoni, mama yangu ni mwongo na anaapa." Sauti yake haikupanda. "Nilipougua shule nilitaka kumwita, baba. Nilishaandika namba yake kwenye simu ya matroni. Nikaona, nikimwambia, nitajisikia stendi."

"Nisamehe, mwanangu."

"Mama anajua umekuja kuniambia?"

"Bado."

"Na hilo la stoo, anajua?"

"Hajui."

Doreen alimtazama baba yake, na kwa mara ya kwanza Hezron aliona macho ambayo Tusekile amekuwa akiyaona siku zote.

"Sasa kwa nini umeanza kwangu?" aliuliza. "Nenda nyumbani, baba."

Alirudi. Njia nzima alijitungia maneno ya kumwambia mkewe, akayasema kimoyomoyo kwa sauti ya mchungaji, akayaacha. Kwa sauti ya mtoto, akayaacha. Alipofika alimkuta Tusekile uani akianika maharage, akayamwaga yote bila mpangilio, stoo, mvua, mtaani, mama yako. Alitegemea kelele. Alizitamani. Angepigwa na kile kitunga cha maharage angeshukuru.

Tusekile alikaa kwenye kigoda, mikono ikalala mapajani. Hakusema chochote juu ya Doreen. Alichosema ni, "Dada yangu."

"Amefanyaje?"

"Nilimwambia yeye peke yake. Ulipojibu umeyatoa mtaani, nikajiuliza, mtaani yamefikaje? Ni mimi, Doreen na Anyelwisye. Mimi sikusema. Mtoto hawezi kujisema." Alimtazama mumewe kana kwamba ndiyo kwanza wametambulishwa. "Nikamhukumu. Sikumwuliza hata, nilimwonea aibu kumwuliza. Nilifunga mlango tu. Kwenye harusi nilimweka kwa wapishi, Baba Doreen. Dada yangu aliyenibeba mgongoni. Kwa wapishi."

Hezron alisema atakwenda Suma kuomba msamaha kwa niaba yake.

"Kwa niaba ya nani?" Tusekile aliinuka, akachukua khanga ya kutokea. "Twende wote, sasa hivi. Na utasema wewe. Kwa sauti yako, si ya mtu mwingine."

Anyelwisye walimkuta ukingoni mwa shamba lake la chai, kikapu mgongoni, amezeeka kuliko walivyokumbuka. Alipomwona mdogo wake alivua kikapu haraka kama mtu aliyeona msiba unakuja.

"Mugonile," Hezron alisalimia.

"Ndaga, shemeji. Kalibuni. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, dada," Tusekile alisema. Alimgeukia mumewe.

Basi Hezron akasema. Mtu aliyesemea majambazi na mabibi harusi alikwama kwenye jina lake mwenyewe. Alieleza habari ya katuni, habari ya stoo, habari ya uongo wa kwanza na wa pili, na jinsi Tusekile alivyodhani siri imetokea Suma. Alirudia mara mbili kwamba kosa ni lake. Anyelwisye alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, kama wanavyosikiliza watu wa umri wake tangazo lililosomwa kwa haraka.

"Katuni," alisema mwishoni. "Mimi hiyo katuni sijawahi kuiona, shemeji. Huku kwetu umeme umeingia juzijuzi."

"Najua, dada. Najua sasa," Tusekile alisema.

"Kwa hiyo ni kwa ajili ya hiyo?" Alimgeukia Tusekile, na usoni hakukuwa na hasira, kulikuwa na mshangao tu, mshangao mtupu wa mtu aliyebeba mzigo usio wake na sasa anaambiwa autue. "Mimi nilijua ni kwa sababu sikuzaa. Siku ya halusi nilipowekwa kule jikoni nilisema, basi, mdogo wangu anaogopa nisimguse mtoto, nisije nikampa mkosi wangu. Nikaona ni haki yako. Sasa hivi nimesikia Doreen ni mjamzito, nikasema nisiende, nitamhalibia."

Tusekile alikwenda chini palepale kwenye udongo, khanga na yote, akalia kwa sauti. Hezron aliinama kumshika mkono.

"Shemeji," Anyelwisye alisema, "hebu sogea. Nimwinue mdogo wangu."